Makocha wa futiboli vyuoni Marekani wanalipwa hadi dola milioni 13 kwa mwaka. Je, ndio wanaopandisha ada?

Msafiri wa Texas (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Kila msimu wa futiboli ya Kimarekani ukianza, hoja ileile inarudi humu na kwenye magrupu ya WhatsApp ya Watanzania na Wakenya tunaoishi huku: "Ada za vyuo Marekani ziko juu kwa sababu makocha wanalipwa mamilioni." Nimefungua uzi huu kwa sababu hoja hiyo ina ukweli ndani yake, ila haupo pale watu wengi wanapouonyesha. Na mzazi asiyejua ulipo anaumia, maana anaogopa chuo kisicho na tatizo na kumpeleka mwanawe kwenye chuo chenye tatizo.

Kwanza tukubaliane kwamba pesa zenyewe ni za kutisha. Kirby Smart, kocha wa Chuo Kikuu cha Georgia, kwa mkataba wa Mei 2024, anachukua dola milioni 13 kwa mwaka. Lane Kiffin alipoondoka Ole Miss (chuo kikuu cha Mississippi) mwishoni mwa Novemba 2025 kwenda LSU (chuo kikuu cha jimbo la Louisiana) alisaini miaka saba, naye kwa milioni 13 kila mwaka. Dabo Swinney wa Clemson mwaka 2022 alipewa miaka 10 kwa jumla ya milioni 115. Na hivi ni vyuo vya umma, mali ya majimbo. Katika majimbo mengi ya Marekani, mtumishi wa umma anayelipwa kuliko wote si gavana wala mkuu wa chuo wala daktari bingwa wa hospitali ya chuo. Ni kocha, wa futiboli au wa kikapu.

Kinachoniuma zaidi ya mishahara ni fidia za kuvunja mkataba. Hapa Texas, Novemba 2023, chuo cha Texas A&M kilimtimua kocha wake, Jimbo Fisher. Mwaka 2021 walikuwa wamemwongezea mkataba hadi 2031, mshahara ukianzia milioni 9 kwa mwaka, na zote zimehakikishwa. Kumtoa kukagharimu zaidi ya dola milioni 75. Takriban milioni 19 zilitakiwa zilipwe ndani ya siku 60, zilizobaki zaidi ya milioni 7 kila mwaka hadi 2031. Na mkataba haukuwa na kipengele cha kupunguza malipo hayo akipata kazi kwingine. Mtu analipwa kwa miaka minane asifanye kazi.

Mngedhani wengine watajifunza. Oktoba 2025 LSU wakamfukuza Brian Kelly, fidia ikiwa takriban milioni 54. Mkurugenzi wa michezo aliyemleta Kelly pale LSU ni Scott Woodward, yuleyule aliyemleta Fisher A&M mwaka 2017. Gavana wa Louisiana, Jeff Landry, alilalamika hadharani na Woodward akaondoka siku chache baadaye. Mwezi huohuo Penn State nao wakamtoa kocha wao, James Franklin.

Sasa tuje kwenye ada. Mwaka wa masomo 2024/25, wastani wa ada kwenye chuo cha umma cha miaka minne ulikuwa dola 11,610 kwa mkazi wa jimbo, 30,780 kwa anayetoka nje ya jimbo (watoto wetu wanaokuja na viza wako humu), na 43,350 kwenye vyuo binafsi. Hapo hujaweka chumba wala chakula. Deni la mikopo ya serikali kuu kwa wanafunzi ni zaidi ya dola trilioni 1.6, na wadaiwa wanazidi milioni 40.

Piga hesabu. Georgia ina wanafunzi zaidi ya 40,000. Chukua mshahara wote wa Kirby Smart, asibakiwe na senti, wagawie wanafunzi. Kila mmoja anapata kama dola 300 kwa mwaka. Si hela ya kudharau, lakini haigusi ule mlima wa ada. Na hata hizo 300 kwa sehemu kubwa hazikutoka mfukoni mwa mwanafunzi, zilitoka kwenye televisheni, tiketi na matajiri waliosoma pale. Kwa vyuo vikubwa vya aina hiyo, kocha siye anayekupandishia ada.

Anayelipia kocha ni mwanafunzi wa chuo cha kati, kile ambacho mechi zake hazionyeshwi sana na uwanja haujai. Huko kuna kitu kinaitwa ada ya michezo, kinapachikwa kwenye bili katikati ya ada ya teknolojia na ada ya afya, na kila mwanafunzi analipa, awe anakwenda uwanjani au hajui hata mpira wao una umbo gani.

Karibuni tujadili.

Kipanga wa Tandale

Mkuu asante kwa uzi. Swali la haraka: hao matajiri wanatoa hela zote hizo wapate nini? Kwetu mtu akichangia Simba au Yanga angalau tunajua anatafuta jina.

Msafiri wa Texas

Jina lipo, na viti vipo. Kwenye vyuo vingi vya ligi kubwa huwezi kununua tiketi ya msimu ya kiti kizuri kabla hujatoa "mchango" kwa mfuko wa michezo. Kwa miaka mingi sheria ya kodi iliruhusu asilimia 80 ya mchango huo ihesabiwe kama sadaka na kupunguza kodi ya mchangiaji. Yaani Mmarekani ambaye hana habari na mpira alikuwa anachangia kupitia hazina ya taifa. Utaratibu huo ulifutwa na sheria ya kodi ya mwaka 2017.

Sheria hiyohiyo iliweka kodi ya asilimia 21 kwa taasisi zisizo za kibiashara zinazomlipa mtu zaidi ya dola milioni moja. Vyuo vingi vya umma vikadai haviguswi kwa sababu ni sehemu ya serikali ya jimbo. Mimi hapo sikubaliani navyo hata kidogo. Kwenye mshahara wa kocha vinasema vinashindana sokoni, kwenye kodi vinasema ni serikali. Wachague moja.

Kuhusu A&M, walisema fidia ya Fisher itatoka kwenye mapato ya michezo na michango ya mfuko wao wa wafadhili, si kwenye ada. Naamini. Uwanja wao, Kyle Field, unabeba watu zaidi ya 102,000. Uwanja wetu wa Mkapa ni 60,000. Ukarabati wa Kyle Field pekee uliokamilika 2015 uligharimu dola milioni 485. Hela ipo. Ila mtu akishachangia milioni kumi ili kocha aondoke, hizo hazitakwenda tena kwenye maabara wala kwenye ufadhili wa watoto wa maskini. Hilo halionekani kwenye bili yoyote, na ndiyo maana hakuna anayeliuliza.

Kapteni 254

Boss, umeongea poa lakini unawaonea makocha. Angalia Alabama. Nick Saban aliingia pale 2007, chuo kilikuwa na wanafunzi kama 25,000. Miaka kumi baadaye walikuwa zaidi ya 38,000, na zaidi ya nusu wakitoka nje ya jimbo, wale wanaolipa karo ya juu. Alileta mataji sita. Hiyo si gharama, ni uwekezaji. Mimi nilisoma huko kusini na niliona mabweni yakiota kila mwaka.

Msafiri wa Texas

Kapteni, takwimu zako ni sahihi na sibishi kwamba Saban alilitangaza jina la Alabama kuliko tangazo lolote la kulipia. Lakini mwanafunzi wa jimbo lingine hakuja kwa mpira peke yake. Katika miaka hiyohiyo Alabama ilitawanya watu wa kusaka wanafunzi nchi nzima na kumwaga mamilioni kwenye ufadhili wa wenye alama za juu, wengi wao watoto wa familia zenye uwezo. Kwa nini? Kwa sababu baada ya mtikisiko wa uchumi wa 2008 majimbo yalikata ruzuku ya vyuo, na vyuo vikaanza kumtafuta mwanafunzi wa nje kwa udi na uvumba kwa sababu analipa karibu mara tatu.

Hapo ndipo mlima wa ada ulipo. Serikali za majimbo ziliondoa mkono wao, familia zikaachiwa mzigo, na mkopo ukawa ndiyo ngazi. Kocha wa milioni 13 anaonekana kwenye televisheni kila Jumamosi. Bunge la jimbo linalopunguza bajeti ya chuo halionyeshwi popote, kwa hiyo hasira yote inamwendea kocha.

Halafu kumbuka, Saban ni mmoja. Vyuo vinavyomlipa kocha ili awe Saban ni vingi, na bingwa ni mmoja kila Januari.

Mwalimu Songea

Naomba kuuliza, ilianzaje mpaka kufika huku? Mimi nafundisha historia, na najua taasisi haifiki hapa kwa siku moja.

Msafiri wa Texas

Mwalimu shikamoo. Nitajitahidi kueleza kwa kifupi.

Zamani chama cha michezo ya vyuo, NCAA, ndicho kilichopanga mechi ngapi za chuo zionyeshwe kwenye televisheni. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi iliyofunguliwa na vyuo vya Oklahoma na Georgia, ikasema huo ni ukiritimba. Mlango ukafunguka, kila ligi ikauza matangazo yake. Jaji mmoja wa wawili waliopinga uamuzi ule alikuwa Byron White, ambaye ujanani alikuwa nyota wa futiboli chuoni Colorado. Aliuona mchezo huu kutoka ndani, akahofia biashara itaumeza. Leo ligi ya Big Ten ina mikataba ya miaka saba inayozidi dola bilioni 7 na Fox, CBS na NBC, na mkataba mpya wa ligi ya SEC na ESPN pekee unaleta takriban milioni 300 kwa mwaka tangu 2024.

Sasa hela imeingia, na wachezaji wakati huo kanuni za NCAA zilikataza kuwalipa zaidi ya ufadhili wa masomo. Itakwenda wapi? Chuo hakigawi faida kwa wanahisa, hakina wanahisa. Kwa hiyo ilikwenda kwa makocha, wasaidizi wao, wakurugenzi, na majengo. Vyumba vya kubadilishia nguo vya vyuo hivi mtu akikuonyesha picha utadhani ni hoteli ya nyota tano. Kijana anayepasuliwa goti uwanjani alikuwa anapewa ada na chakula, aliyesimama pembeni na vipokea sauti kichwani anapewa milioni 9. Hilo ndilo lililokuwa chafu kuliko yote, na nasema hivyo nikijua kwamba ufadhili wa masomo ni kitu kikubwa, hasa kwetu.

Wapo waliowahi kukataa. Chuo Kikuu cha Chicago kilikuwa mwanachama wa Big Ten, na mwaka 1935 mchezaji wake Jay Berwanger alikuwa wa kwanza kabisa kupata tuzo ya mchezaji bora wa mwaka ambayo leo inaitwa Heisman. Mwaka 1939 mkuu wa chuo, Robert Maynard Hutchins, akaifuta timu. Chuo hakikufa, kila mtu anakijua. Timu ilirudi 1969 kwenye daraja la chini, bila kelele. Lakini chuo cha UAB kule Birmingham, Alabama, walipoifuta yao Desemba 2014 mji uliwaka, wahitimu na wafanyabiashara wakachanga, na 2017 timu ikawa uwanjani tena.

Binti Nyali

Hiyo ada ya michezo nyie wengine mnaisema tu, mimi nimeilipa. Chuo changu sitakitaja. Muhula wa kwanza nilikaa na karatasi ya bili na ndugu yangu tukipitia mstari kwa mstari, tukidhani ile "ada ya jumla ya wanafunzi" ni maktaba na zahanati. Kumbe kwenye tovuti ya chuo, ukishuka chini kabisa, imegawanywa, na fungu kubwa kuliko yote ni idara ya michezo. Nilikuwa nafanya kazi mkahawa wa chuo usiku. Sijawahi kwenda mechi hata moja, Jumamosi ndiyo siku niliyokuwa napata saa nyingi za kazi. Iliniuma sana.

Msafiri wa Texas

Pole sana dada. Ulichoandika ndicho nilichotaka watu wakione.

Nitoe mfano ulio wazi na wenye takwimu za hadharani. James Madison, chuo cha umma Virginia. Sehemu kubwa ya bajeti yake ya michezo inatoka kwenye ada za wanafunzi, na kwa mwanafunzi mmoja ni zaidi ya dola 2,000 kwa mwaka. Miaka minne ni zaidi ya 8,000. Wengi wanakopa, kwa hiyo wanalipa na riba baada ya kuhitimu. Linganisha na zile 300 za Georgia nilizopiga hesabu hapo juu, ambazo kwa sehemu kubwa hata hazitozwi.

Kocha wao tangu 2019 alikuwa Curt Cignetti. Chini yake walipanda daraja la juu mwaka 2022, na Novemba 2023 akaondoka kwenda Indiana. Oktoba 2025 Indiana wakampa mkataba wa wastani wa takriban milioni 11.6 kwa mwaka. Kocha hodari, simwonei, anastahili sifa zake. Lakini miaka aliyojijengea jina ililipiwa na wanafunzi wa James Madison, na walipomaliza kulipa, Indiana ndiyo iliyovuna.

Jimbo la Virginia liliona tatizo hili mapema. Mwaka 2015 lilipitisha sheria ya kuweka kikomo cha sehemu ya bajeti ya michezo inayoweza kutoka kwa wanafunzi. Kwa vyuo vya ligi kubwa ni asilimia 20, vya chini yake vinaruhusiwa zaidi. Ningependa kila jimbo liige, na kikomo kishuke zaidi.

Mzalendo Halisi

Lakini si wameanza kuwalipa wachezaji sasa? Basi makocha watapunguziwa.

Msafiri wa Texas

Hapana mkuu, na hapa ndipo nina wasiwasi zaidi.

Julai 2021 wachezaji waliruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura zao. Halafu Juni 2025 jaji Claudia Wilken aliidhinisha suluhu ya kesi iitwayo House, ya wachezaji dhidi ya NCAA: fidia ya dola bilioni 2.8 kwa wachezaji wa zamani, na kuanzia Julai mwaka huo chuo kinaweza kuwalipa wachezaji wake moja kwa moja hadi milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Mimi nilifurahi. Ni haki yao, ilichelewa.

Ila milioni 20.5 ni gharama mpya, na makocha waliokatwa mshahara ili zipatikane ni wachache sana. Kiffin na Cignetti wote wamepata mikataba yao baada ya suluhu hiyo. Wakurugenzi wanatafuta hela pengine. Tennessee waliongeza asilimia 10 kwenye bei ya tiketi, sawa, anayekwenda mpirani alipe. Lakini Clemson, chuo cha yule Swinney wa milioni 115, wameanzisha ada ya michezo ya dola 150 kwa muhula kwa wanafunzi. Yaani sasa hata vyuo vikubwa, ambavyo nilivitetea mwanzoni mwa uzi, vinaanza kunyoosha mkono kwa mwanafunzi. Mkataba wa kocha umehakikishwa hadi senti ya mwisho, wa mwanafunzi haujahakikishwa chochote.

Kapteni 254

Hapo kwa Clemson nimekosa la kujibu. 150 kwa muhula kwa chuo chenye pesa za televisheni si sawa.

Mama Ikram

Samahanini ndugu zangu, mimi mpira siujui. Binti yangu anakimbia mita 5,000, yuko kidato cha sita Arusha, na kuna kocha wa chuo kimoja Marekani anamtumia ujumbe. Haya mambo yanatuhusu na sisi?

Msafiri wa Texas

Mama, yanawahusu moja kwa moja, na hongera kwa binti.

Njia anayoitaka ni ya zamani. Suleiman Nyambui wetu alipita chuo cha UTEP hapa El Paso, akatwaa mataji mengi ya vyuo na kuleta medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Moscow 1980. Henry Rono wa Kenya alikuwa mwanafunzi Washington State alipovunja rekodi nne za dunia mwaka 1978. Edward Cheserek alichukua mataji 17 akiwa Oregon. Vyuo hivi vilijenga wakimbiaji wetu wengi, na hela iliyowalipia, kwenye vyuo vikubwa, ilikuwa ni ileile ya futiboli.

Ndiyo maana futiboli ikitaka zaidi, riadha ndiyo inayobanwa. Suluhu ya House imeweka kikomo cha idadi ya wachezaji kwa kila mchezo kwa vyuo vilivyojiunga nayo: futiboli 105, riadha 45, mbio za nyika 17. Baadhi ya vyuo vimeanza kufuta michezo isiyoingiza hela. Chuo cha Cal Poly kule California walifuta kuogelea Machi 2025.

Kwa hiyo kocha akikuandikia, muulize haya kwa maandishi. Je, ufadhili ni kamili au ni sehemu? Katika riadha, vyuo vingi hugawa ufadhili vipande vipande, mtoto anaahidiwa "skolashipu" kumbe ni asilimia 40, na zilizobaki ni ada ya mtu wa nje ya jimbo. Unahuishwa kila mwaka au ni wa miaka yote minne? Akiumia goti unaendelea? Kocha huyu akihama, ahadi inabaki? Makocha wanahama sana, na ahadi ya mdomo huondoka nao. Uliza pia kama ufadhili unalipia na zile ada ndogondogo alizotaja Binti Nyali, maana mara nyingi ufadhili wa sehemu unagusa ada ya masomo tu.

Jingine, akiwa na viza ya mwanafunzi, ile ya F-1, asipokee hela ya matangazo wala malipo yoyote ya chuo nje ya ufadhili kabla hajaongea na ofisi ya wanafunzi wa kigeni na mwanasheria wa uhamiaji. Sharti za viza hiyo zinabana sana kazi ya malipo, na mwenzake Mmarekani anayelipwa kwa kupiga picha na viatu hana hatari hiyo.

Mama Ikram

Ahsante sana baba. Kwenye ujumbe ameandika "ufadhili wa riadha" tu, asilimia hajaitaja.

Msafiri wa Texas

Basi anza na hilo. Akituma barua rasmi, ficha jina la binti na la chuo uiweke hapa, Binti Nyali na mimi tutaipitia mstari kwa mstari.